Mita Sita za Waya wa Kijani

Mama Chilongani, leo sianzi na ngazi.
Leo natembea chini, nikipima kwa hatua:
toka nguzo hadi dirisha la sebule, tisa;
toka dirisha hadi runinga, tatu na nusu.
Ongeza futi mbili za kona, maana kebo
haitaki kukunjwa kama kamba ya mbuzi.
Ukiikunja kwa hasira, uzi wake wa ndani unakatika kimya,
na picha inakusubiri siku ya fainali ndipo iondoke.
Nimeyaandika yote nyuma ya bahasha ya kaki. Tazama.

Nguzo ya chuma itasimama hapa uani, si juu ya bati.
Bati lako nalijua, upepo wa Agosti hulichezea.
Kwetu Hombolo setilaiti hii iko karibu utosini,
dishi litalala chali kama sahani iliyosahauliwa,
na kuku wako, nao nawajua, watataka kutaga humo.

Kebo itashuka na nguzo, nitaibana kila shubiri nne,
na kabla haijaingia ukutani nitaiachia tumbo dogo,
kama la mtoto aliyeshiba uji,
ili mvua inayofuata waya ifike pale, ichoke, idondoke,
isije ndani kukujulia hali.

Hayo yote niliyafanya hata mara ya kwanza.
Sasa hili.

Waya wa kijani, mstari wa njano. Mita sita.
Mwaka ule ulikuwamo kwenye mkoba wangu.
Uliuliza, "Na huu?" Nikakujibu, "Huu si lazima, mama,"
kwa sababu udongo wa hapa mwezi wa kumi
huirudisha sururu begani,
na shimo lingenila saa mbili,
na nilikuwa na nyumba nyingine Ihumwa kabla ya magharibi.
Waya wenyewe niliuuza huko huko.

Kisha Desemba.
King'amuzi kikayeyukia kitambaa ulichofuma kwa mkono,
na Chilongani, aliyekuwa ameegemea ukuta ule,
tangu usiku huo husikia kwa sikio la kulia tu.
Watu wakasema radi ile ina mkono wa mtu.
Wakamtaja shemeji yako, Nhembo, kwa ajili ya ule mpaka wa shamba.
Nilikuwapo walipomtaja. Nilikuwa nakunywa chai yako.
Nikaacha jina la mtu libebe mita zangu sita.

Kwa hiyo leo naanza na shimo.
Nilitaka kulichimba penye mizabibu, ambako unamwagilia,
ila chumvi ingeila mizizi.
Basi hapa, nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapotokea.
Fimbo ya shaba, mita moja na nusu, yote chini.
Kandokando mkaa uliosagwa, debe moja,
na chumvi ya mawe, tabaka juu ya tabaka,
kwa maana ardhi kavu haimpokei mgeni wa moto,
humwacha mlangoni atafute njia nyingine,
na njia nyingine ni watoto wetu.

Nguzo, ngao ya kebo, na ethi ya umeme wa nyumba
nitavifunga kwenye waya mmoja.
Vikiwa mbalimbali, radi huruka toka hiki kwenda kile
kama umbea.
Na kiangazi, mama, usinionee haya: kila Jumamosi
mwaga hapa ndoo moja ya maji machafu.
Hata radi ikipiga jirani, chomoa plagi. Sikudanganyi tena:
waya huu hauzuii mungu wa mtu, unapunguza tu.

Hela ya kazi sitaki. Nipe sururu ya pili,
Chilongani ameshashika ya kwanza,
nami nimesimama upande wake wa kulia.

Na yule pale barabarani, anayeharakisha akipita kwako,
miaka mitatu sasa haangalii huku,
si ndiye Nhembo?
Mwite.
Shimo sitalifukia kabla hajalichungulia.